Dakta Eduardo Mondlane, Mtu Asiyeuza Ulimi Wake

Wakatoliki wengi wa nchi hii wasikiapo jina la Kurasini hukumbuka Baraza la Maaskofu, kwa kuwa ndipo ofisi zake zilipo. Ni wachache wakumbukao kwamba Kurasini hiyo hiyo, katika upande wa Temeke, palikuwa na shule ya wakimbizi wa Msumbiji, iliyoanzishwa kwa msaada wa fedha za Marekani na kutikiswa na magomvi ya wenyewe kwa wenyewe. Ni wachache zaidi wajuao kwamba mtu aliyeiasisi shule ile aliuawa katika upande wa pili wa mji, Oyster Bay ya Kinondoni, alipofungua kitabu kilichotiwa bomu. Mtu huyo ni Dakta Eduardo Chivambo Mondlane. Maisha yake yatufaa sisi sote, hasa wazazi wenye kulea vijana, maana yanatuonyesha jinsi ilivyo vigumu kupokea msaada wa wakubwa na bado kubaki na ulimi wako mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika nchi ya Gaza, kusini mwa Msumbiji, mwana wa chifu wa Watsonga. Utoto wake ulipita machungani, akichunga mifugo kama watoto wengine wa ukoo wake. Alisomeshwa na wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Uswisi, kisha na Wamethodisti wa Kiamerika waliomfundisha kilimo cha nchi kavu. Hivyo Mwamerika wa kwanza aliyemjua hakuwa askari wala balozi, bali mwalimu mwenye jembe. Jambo hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote. Ndilo lililomfanya asiweze kulichukia taifa lile hata alipokuwa akiipinga siasa yake.

Kiu ya elimu ilimpeleka Afrika ya Kusini, akafika hata Chuo Kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg. Lakini mwaka 1948 chama cha Makaburu kilishika serikali, na mwaka uliofuata kijana huyu Mwafrika akafukuzwa nchini. Aliporudi kwao alikamatwa na kuhojiwa na polisi wa Kireno, kwa sababu alikuwa amewaunganisha wanafunzi wenzake katika chama. Wareno walidhani dawa ya kijana wa namna hii ni kumpeleka Lisbon, apate kuwa Mreno kwa fikira. Alikwenda mwaka 1950. Huko alikutana na vijana wa makoloni mengine, miongoni mwao Agostinho Neto wa Angola na Amílcar Cabral wa Guinea. Polisi wa siri walimwandama hata asipate nafasi ya kusoma kwa utulivu, na mwaka 1951 akavuka bahari kwenda Marekani.

Huko Marekani mlango ulifunguka. Alipata shahada yake ya kwanza katika Chuo cha Oberlin mwaka 1953, akaendelea katika Chuo Kikuu cha Northwestern hata akapata udaktari wa falsafa mwaka 1960. Mwaka 1956 alimwoa Janet Rae Johnson, binti wa Kiamerika mwenye asili ya Kizungu, waliyefahamiana katika mkutano wa vijana wa kanisa. Siku zile ndoa ya namna hiyo ilikuwa kinyume cha sheria katika majimbo mengi ya nchi ile. Walijaliwa watoto watatu.

Tangu mwaka 1957 alikuwa mtumishi wa Umoja wa Mataifa, katika idara iliyoshughulikia nchi zilizokuwa chini ya udhamini. Mshahara ulikuwa mzuri, na heshima ilikuwa kubwa. Hata hivyo mtumishi wa Umoja wa Mataifa hakuruhusiwa kufanya siasa. Mwaka 1961 alizuru kwao akiwa na kinga ya kazi yake. Watu walimjia kwa wingi wakimweleza mashaka yao: kazi za shokoa, pamba iliyolimwa kwa lazima, na habari za mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, ambako watu waliokuwa wakidai haki yao walipigwa risasi. Aliporudi New York aliona kwamba hawezi kuyajua hayo na kunyamaza. Akaiacha kazi ile, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Syracuse, mahali ambapo mtu aliweza kusema alilolijua. Hii ndiyo mara ya kwanza tunapoona kwamba kwake uhuru wa kusema ulikuwa na thamani kupita mshahara.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa imepata uhuru, na Mwalimu Nyerere aliwahimiza Wamsumbiji waliokuwa hapa waache utengano. Vyama vitatu viliungana tarehe 25 Juni 1962 mjini Dar es Salaam, kikazaliwa chama cha FRELIMO. Katika mkutano mkuu wa Septemba mwaka ule Mondlane alithibitishwa kuwa rais wake. Mwaka 1963 aliacha ualimu wa Marekani, akahamia Dar es Salaam pamoja na jamaa yake.

Sasa yatupasa kuieleza Marekani ya siku zile, kwa maana haikuwa na sauti moja. Tarehe 15 Machi 1961, katika Baraza la Usalama, serikali ya Rais Kennedy ilipiga kura dhidi ya Ureno juu ya jambo la Angola. Waafrika walishangilia. Lakini Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO tangu mwaka 1949, na katika visiwa vyake vya Azores Marekani ilikuwa na uwanja wa ndege za vita ambao mkataba wake ulikuwa ukiisha mwaka 1962. Basi Washington ikagawanyika. Mennen Williams, aliyesimamia mambo ya Afrika katika wizara ya mambo ya nje, alishauri Marekani isimame upande wa watu watafutao uhuru. Dean Acheson, waziri wa zamani aliyeheshimiwa sana, alishauri rafiki wa kale asiachwe. Hata watu wapendao kuhifadhi mambo ya zamani hawakuwa na nia moja. Baadhi waliona Ureno ni boma la kuwazuia Wakomunisti. Wengine, hasa katika makanisa yaliyotuma wamisionari Afrika, waliona kwamba imani waliyoihubiri haiwezi kupatana na shokoa. Mwishowe uwanja wa Azores ulishinda. Marekani ilisema silaha zake hazikutolewa kwa ajili ya vita vya Afrika, lakini iliendelea kuwa mwenzi wa Ureno katika NATO.

Mondlane alijaribu kuzungumza na upande wenye kusikia. Alionana na Robert Kennedy, ndugu wa Rais. Mfuko wa Ford ulitoa karibu dola 100,000, na kwa msaada huo ikaanzishwa shule ya Kurasini, iliyoitwa Taasisi ya Msumbiji, chini ya uongozi wa mkewe Janet. Ureno ikanung'unika kwa nguvu, na msaada ule haukuendelea. Hapo ndipo alipotiwa katika mizani. Angeweza kunyamaza, akalainisha maneno yake, akangoja fedha zirudi. Hakufanya hivyo. Aliendelea kuwaambia Wamarekani, katika vyuo vyao na makanisa yao, kwamba Ureno iliyo maskini isingeweza kupigana vita mahali pengi kama isingekuwa na washirika matajiri. Shule ikatafutiwa msaada kwingine, na watu wa Sweden na nchi jirani zake wakausaidia mzigo. Silaha na mafunzo ya askari vilitoka Algeria, China na Urusi. Tarehe 25 Septemba 1964 vita vilianza huko Chai, katika jimbo la Cabo Delgado.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mtu asemaye na watu wote hushukiwa na watu wote. Wareno walimwita kibaraka wa Wakomunisti. Wapinzani wake Waafrika walimwita kibaraka wa Wamarekani, wakitaja mkewe, marafiki zake na fedha za Kurasini. Alipokwenda Washington walinong'ona huku. Alipokwenda Peking walinong'ona kule. Wapiganapo tembo wawili, nyasi huumia, na yeye alisimama katikati ya nyasi.

Ndani ya chama nako mafarakano yalikua. Padre Mateus Gwenjere, Mkatoliki wa Msumbiji aliyekuja huku na kupendwa na wanafunzi, aliona vijana wapelekwe kusoma ng'ambo kwanza. Viongozi wa chama walitaka kila msomi awe tayari kutumikia vitani na vijijini. Wanafunzi walilalamika pia juu ya walimu weupe wa asili ya Kireno. Machi 1968 fujo ilizuka Kurasini, polisi wakaitwa, na shule ikafungwa. Mwezi Mei watu waliivamia ofisi ya FRELIMO katika mtaa wa Nkrumah, na Mateus Muthemba akapoteza maisha. Kaskazini, Lázaro Nkavandame na wenyeviti wenzake wa Cabo Delgado walishikilia mamlaka na biashara kwa desturi ya wazee, nao vijana wa jeshi wakawapinga. Hata hao washikao ya kale hawakuwa kitu kimoja: padre alililia elimu, mwenyekiti alililia jimbo lake. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru alikuwa Lisbon akisikiliza.

Hatutaki kumfanya Mondlane malaika. Malalamiko ya wanafunzi hayakuwa ya upuuzi yote, na shule iliyofungwa haimfundishi mtu. Lakini yatupasa kusema haki: katika mkutano mkuu wa pili, uliofanyika Julai 1968 ndani ya Msumbiji yenyewe katika jimbo la Niassa, aliruhusu hoja zishindane, akapigiwa kura, akachaguliwa tena. Aliamini kwamba ugomvi wa maneno ni afadhali kuliko kimya cha hofu.

Sisi Wakatoliki hatuwezi kuisoma habari hii kama watu watazamao kutoka mbali. Serikali ya Salazar ilijiita mlinzi wa Kanisa, na tangu mapatano ya mwaka 1940 kati ya Ureno na Baba Mtakatifu, misioni za makoloni zilifungamana na dola. Maaskofu wengi walinyamaza. Walakini hawakunyamaza wote. Askofu António Ferreira Gomes wa Porto alimwandikia Salazar mwaka 1958 akiyapinga mambo ya utawala wake, na tangu mwaka 1959 akazuiwa kurudi jimboni kwake kwa miaka kumi. Mapadre Weupe waliondoka Msumbiji mwaka 1971 kwa kuwa hawakuona njia ya kuhubiri Injili wakionekana kuwa watumishi wa ukoloni. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 1 Julai 1970, Papa Paulo wa Sita aliwapokea viongozi wa vyama vya ukombozi wa makoloni ya Kireno. Mondlane hakuiona siku ile. Alikuwa amekwisha kufa.

Tarehe 3 Februari 1969 alichukua barua na vifurushi vyake kutoka ofisini, akaenda katika nyumba ya rafiki wa jamaa yake huko Oyster Bay, mahali alipozoea kufanya kazi kwa utulivu. Kifurushi kimoja kilikuwa kitabu. Alipokifungua, kililipuka. Alikuwa na umri wa miaka 48. Alizikwa hapa Dar es Salaam, na baadaye mabaki yake yakapelekwa Maputo. Mwaka ule ule kitabu chake juu ya mapambano ya Msumbiji kilitolewa kwa Kiingereza, hivyo mtu aliyeuawa kwa kitabu akaendelea kusema kwa kitabu.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Maputo kikapewa jina lake. Siku ya kufa kwake ni Siku ya Mashujaa nchini humo. Lakini heshima hizo zisitufiche jambo moja chungu. Baada ya uhuru, Uria Simango aliyekuwa makamu wake, Padre Gwenjere na Nkavandame waliuawa bila kesi ya wazi mbele ya mahakama. Yawezekana walikosa, na Nkavandame alikuwa amekwenda kwa Wareno mwaka 1969. Lakini mkosaji naye ana haki ya kusikiwa. Chama kilichoanza na mtu aliyeacha kazi nzuri ili apate kusema, kilifika mahali pa kuwanyamazisha wapinzani wake daima.

Basi, enyi baba na mama, tuwaambieni watoto wetu habari hii tunapopita Kurasini au Oyster Bay. Taifa kubwa likitoa msaada, tushukuru kama Mondlane alivyowashukuru walimu wake Wamethodisti. Lakini tusiuze pamoja na shukrani hiyo haki ya kusema lililo kweli. Na ndugu yetu akitupinga, tumjibu kwa maneno. Msaada wa mgeni waweza kukatwa, na shule ikapata msaada mwingine. Lakini watu wakizoea kufungana midomo wenyewe kwa wenyewe, hakuna mfadhili wa nchi yo yote awezaye kuwarudishia sauti waliyoipoteza.