Claude Chappe
Claude Chappe (Brûlon, 25 Desemba 1763 – Paris, 23 Januari 1805) alikuwa mvumbuzi wa Ufaransa aliyeanzisha telegrafu ya minara yenye mikono ya mbao. Kupeana ishara kwa mbali kulikuwa jambo la kale. Werevu wake ulikuwa katika kanuni. Ishara mbili zilitaja ukurasa na mstari katika kitabu cha siri chenye kurasa 92, kila ukurasa maneno 92. Karani aliiga ishara asiyoijua maana, akahakikisha mnara wa mbele umeirudia sawasawa, ndipo akaendelea na nyingine. Mwaka 1794 habari za kukombolewa kwa mji wa Condé zilifika Paris siku ileile. Baadaye wengine walidai uvumbuzi huo ni wao. Chappe, akiwa mgonjwa na mwenye huzuni, alijitupa kisimani akafa. Minara yake ilitumika hadi miaka ya 1850, telegrafu ya umeme ilipochukua nafasi yake.