Bill Bowerman: kocha aliyepunguza uzito wa viatu, gundi ikamharibu miguu

Mwaka 2019, Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42 mjini Vienna chini ya saa mbili, wasikilizaji wetu wengi walizungumzia viatu alivyovaa. Vilikuwa vya kampuni ya Nike. Leo tunamtazama mmoja wa watu wawili walioianzisha kampuni hiyo, kocha Bill Bowerman wa Marekani, na hasa jambo ambalo mara nyingi huachwa maisha yake yanaposimuliwa: gundi.

Bowerman alizaliwa mwaka 1911 katika jimbo la Oregon na kukulia Fossil, mji mdogo wa mashambani. Alipigana nchini Italia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kuanzia mwaka 1948 akawa kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon.

Kilichomkera ni uzito wa viatu. Alipiga hesabu hivi: mkimbiaji mwenye hatua ya futi sita hupiga hatua 880 katika maili moja. Ukipunguza gramu 28 tu kwenye kiatu, hatua zote zikijumlishwa umemwondolea mzigo wa karibu kilo 25. Basi akaanza kuwatengenezea wanafunzi wake viatu kwa mikono yake. Mwaka 1964 yeye na Phil Knight, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, walitoa dola 500 kila mmoja wakaanzisha biashara.

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha mwaka 1971, alipomimina plastiki ya kunyumbuka katika chuma cha mkewe cha kuokea waffle ili apate soli yenye vijumba vya kushika ardhi. Hakupaka kitu cha kuzuia isinate, na chuma kikagandamana, hakikufunguka tena. Ni kisa cha kuchekesha, lakini kisa cha gundi hakichekeshi.

Gundi ya soli hupakwa pande zote mbili, ikaachwa ikauke kidogo, ndipo zikakandamizwa pamoja. Kinachokauka ni kiyeyusho, yaani dawa inayoifanya gundi iwe laini. Ukipaka nyingi, kiyeyusho hubaki ndani, soli hubanduka mapema na kiatu huwa kizito. Kile kinachotoka huingia mapafuni mwa fundi. Mojawapo ya viyeyusho hivyo ni heksani, ambayo huharibu mishipa ya fahamu polepole, kuanzia vidoleni. Nchini Japani katika miaka ya 1960, watu waliobandika kandambili majumbani mwao walipatwa na ganzi na udhaifu wa miguu kwa sababu yake.

Bowerman alishika gundi za aina hiyo kwa miaka mingi, katika chumba kidogo kisichopitisha hewa vizuri. Mishipa ya miguu yake iliharibika. Akawa anachechemea, akahitaji chuma cha kuushikilia mguu, na hakuweza tena kukimbia katika viatu alivyobuni mwenyewe.

(Fundi viatu unayesoma haya kwenye simu: fanyia kazi nje penye upepo, paka kidogo, funika kopo kila unapomaliza kuchovya brashi. Ukihisi ganzi miguuni, nenda zahanati na utaje gundi unayotumia.)

Viwandani mabadiliko yalichelewa. Mwaka 1997 ilifichuka ripoti ya wakaguzi kuhusu kiwanda kimoja cha Vietnam kilichoitengenezea Nike viatu: hewa ya baadhi ya sehemu ilikuwa na tolueni, kiyeyusho kingine, kupita kiwango cha sheria. Mwaka uliofuata Knight aliahidi hewa ya viwanda hivyo ifikie viwango vya Marekani, na gundi ya maji ichukue nafasi ya ile ya viyeyusho. Gundi ya maji inataka umakini: soli isafishwe vizuri, ipakwe tabaka jembamba lililo sawasawa, ipitishwe kwenye joto ndipo ikandamizwe. Ndiyo maana viwanda vingine vimeweka mashine za kuitoa kwa kipimo.

Bowerman alifariki Fossil tarehe 24 Desemba 1999, akiwa na umri wa miaka 88.