Paul Bomani: karani wa Mwadui aliyeisambaza leja ya pamba

Mkulima wa Kishapu au Nyang'hwale anapopeleka pamba yake sokoni, karani wa AMCOS huipima, huandika kilo kwenye daftari la chama, kisha humkatia stakabadhi. Mpangilio huo wa kila eneo kuwa na mzani wake, karani wake na daftari lake una historia. Kanda ya Ziwa uliota mizizi katika miaka ya 1950, na jina lililofungamana nao kuliko jingine lolote ni la Paul Bomani.

Wengi wanamkumbuka Bomani kama waziri na balozi. Makala haya yanamtazama kwa upande usiosemwa sana, upande wa mtunza hesabu. Alikutana na swali ambalo leo linawaumiza vichwa mafundi wa kompyuta katika kampuni zenye mamilioni ya wateja: kumbukumbu za watu zikizidi uwezo wa mahali pamoja, unazigawa vipi bila kumpoteza hata mtu mmoja?

Alizaliwa mwaka 1925 Ikizu, upande wa Musoma. Baba yake alikuwa mhubiri wa Waadventista Wasabato, na kijana Paul alisoma katika shule za misheni za Nassa na Ikizu. Mwaka 1945 alipata kazi Mwadui, Shinyanga, katika mgodi wa almasi wa John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada aliyeigundua almasi hiyo mwaka 1940. Bomani alifanya kazi ya ukarani pale kwa miaka kama miwili.

Mgodi kama ule ni mahali pa mlango mmoja. Mali inatoka kwenye shimo moja, mwenye mali ni mmoja, na hesabu yote inaweza kukaa katika ofisi moja yenye kufuli. Pamba haiko hivyo. Inatoka katika maelfu ya mashamba, kila moja na mwenyewe, na yote huvunwa ndani ya miezi ile ile michache.

Mwaka 1947 Bomani alihamia Mwanza na kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Huko akakutana na malalamiko ya wakulima. Wanunuzi wa pamba walikuwa wenye viwanda vya kuchambulia, wengi wao wenye asili ya Asia. Mzani ulikuwa wao, karani alikuwa wao, na kitabu kilikuwa chao. Mkulima akiona kilo zake zimepungua, hakuwa na pa kuonyesha. Kumbukumbu ilikuwa moja tu, na aliyeishika ndiye aliyefaidika ikipungua.

Jawabu la kwanza lilikuwa jepesi ajabu. Wakulima waliweka wapima wao katika vituo vya kununulia pamba, ili uzito ujulikane na upande wa pili pia. Kuanzia hapo kilo zile zile ziliandikwa mahali pawili na mikono miwili tofauti. Mafundi wa kompyuta hufanya jambo la jamii hiyo hiyo. Kumbukumbu yako ya fedha haiachwi kwenye mashine moja, maana mashine ikiungua na pesa yako itakuwa imeungua nayo. Huandikwa kwenye mashine nyingine pia, ambazo huitwa seva, na nakala hizo hulinganishwa. Tofauti ni kwamba seva huogopa moto na kukatika kwa umeme, wakati mkulima wa mwaka 1950 alimwogopa zaidi mwenye kalamu.

Bomani alizunguka Usukuma akihamasisha wakulima waunde vyama vyao. Mwaka 1953 alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo cha Ushirika cha Loughborough, na aliporudi kazi ilikuwa inamngoja. Mwaka 1955 vyama vya eneo hili viliungana na kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo wazee bado wanaiita Victoria Federation. Bomani akawa meneja mkuu akiwa na miaka 30.

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Njia rahisi ingekuwa kujenga ofisi kubwa Mwanza, kuajiri makarani wengi na kumwandika kila mkulima katika leja moja. Njia hiyo ina ukomo. Leja ikikua, kumtafuta mtu mmoja ndani yake kunachukua muda. Makarani wawili hawawezi kuandika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Na msimu ukifika, watu wote wanakuja siku moja. Kompyuta nayo iko hivyo. Unaweza kununua mashine kubwa zaidi, kisha kubwa kuliko hiyo, lakini iko siku hakuna kubwa zaidi ya kununua, au ipo na bei yake haishikiki.

Shirikisho liligawanya kazi kwa ngazi tatu. Chini kulikuwa na chama cha msingi, ambacho wanachama wake walikuwa wakulima wa eneo moja. Juu yake kulikuwa na vyama vikuu, na juu kabisa Shirikisho lenyewe Mwanza. Mkulima aliandikwa katika chama chake na kuuza pamba pale pale. Mwanza haikuhitaji kujua jina lake. Ilihitaji jumla: kilo ngapi za pamba safi, ngapi za pamba fifi, fedha kiasi gani zipelekwe kituo gani.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba ulikua bila kuelemea katikati. Kijiji kipya kikitaka kuingia, kilianzisha chama, kikanunua mzani, kikafungua daftari. Vijiji vingine havikuongezewa hata mstari mmoja wa kazi. Na daftari la kijiji kimoja likiibiwa au likiliwa na mchwa, hasara ilikuwa ya kijiji kimoja. Mafundi wanaogawa kumbukumbu katika seva nyingi hufuata kanuni hiyo hiyo: huchagua alama moja, kwa mfano namba ya mteja, na alama hiyo ndiyo inayoonyesha kumbukumbu zake ziko seva ipi. Kwa Bomani alama hiyo ilikuwa eneo alikolima mtu.

Mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1956 Shirikisho lilipata kiwanda chake cha kwanza cha kuchambulia pamba, huko Kasamwa, Geita. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa inapita mikononi mwa ushirika. Tukumbuke pia kwamba TANU ilipigwa marufuku kufanya kazi katika jimbo hili tangu 1954 hadi 1958, mwaka ambao watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la mchanganyiko wa rangi. Katika miaka hiyo mkutano wa chama cha pamba ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Waafrika wangeweza kukaa pamoja kihalali na kufanya uamuzi kuhusu mali yao.

Bomani mwenyewe hakukaa sana. Mwaka 1960 aliingia serikalini kama waziri wa kilimo na ushirika, na mwaka 1962 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa waziri wa fedha wa Tanganyika. Alikuwa bado kwenye wizara hiyo Juni 1965, ilipotangazwa kwamba Tanzania ingeachana na bodi ya sarafu ya pamoja ya Afrika Mashariki na kuanzisha benki kuu yake.

Nyuma yake, leja zilizosambazwa zilianza kuonyesha udhaifu wake. Kugawa kumbukumbu kunaondoa msongamano, lakini kunaleta kazi mpya ya kuhakikisha kila sehemu inasema jambo moja na nyingine. Chama kinasema kimepeleka kiasi hiki, chama kikuu kinasema kimepokea pungufu. Nani mkweli? Kompyuta hulinganisha mambo hayo kwa sekunde. Ushirika ulihitaji mkaguzi apande gari, apite barabara ya vumbi, afungue daftari la karani ambaye pengine alijifunza kazi hiyo msimu uliopita. Vyama viliongezeka haraka kuliko watu wenye ujuzi wa hesabu. Na kila ngazi ilikuwa inakata ushuru wake kabla fedha haijamfikia mkulima, kwa hiyo ngazi zilezile zilizorahisisha kazi ndizo zilizokula bei.

Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Kamati ilikuta uongozi mbovu, upotevu wa fedha na uhaba mkubwa wa watumishi waliofunzwa. Serikali ikaingilia uendeshaji wa Victoria Federation, na mwaka 1968 Shirikisho pamoja na vyama vyake vikuu viliunganishwa kuwa chombo kimoja, Nyanza Co-operative Union. Kwa maoni yetu dawa hiyo haikuugusa ugonjwa. Kilichopungua kilikuwa wakaguzi, na kuunganisha ofisi hakuongezi mkaguzi hata mmoja. Kulimsogeza mwenye uamuzi mbali zaidi na mzani.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na pamba ikanunuliwa na mamlaka ya serikali. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Shinyanga ikawa na SHIRECU, na Geita, iliyokuwa bado ndani ya Mkoa wa Mwanza, ikabaki chini ya Nyanza.

Bomani aliyatazama mengi ya hayo akiwa mbali. Alikuwa balozi Marekani kuanzia 1972 hadi 1983, na kuanzia 1993 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, cheo alichokuwa nacho hadi alipofariki Aprili 2005. Wakati huo soko la pamba lilikuwa limekwisha kufunguliwa kwa kampuni binafsi tangu 1994, na katika vijiji vingi mzani ulikuwa umerudi kuwa wa mnunuzi. Msimu wa 2018 ndipo serikali ilipoagiza pamba inunuliwe tena kupitia AMCOS, kwa karani wa chama na daftari la chama.