Pauli Murray na Meza ya Bwana

Pauli Murray alizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka wa 1910. Akiwa mwanasheria, alipambana na ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Moyoni aliwapenda wanawake na kujihisi mwanamume, jambo ambalo hakulitangaza hadharani. Mwandani wake, Irene Barlow, alipofariki mwaka wa 1973, aliacha uhadhiri akasomea theolojia. Mwaka wa 1977 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kutawazwa kasisi katika Kanisa la Episkopali, akaongoza Ekaristi yake ya kwanza Chapel Hill, katika kanisa ambamo nyanyake alibatizwa akiwa mtumwa. Aliaga dunia mwaka wa 1985. Mwaka wa 2012 mkutano mkuu wa Kanisa hilo ulimweka miongoni mwa watakatifu wake. Mkutano uo huo uliidhinisha ibada ya kuwabariki wenzi wa jinsia moja.