Nyerere na mabomu ya nyuklia: Tuseme haki

Waislamu tuna hoja nzito juu ya utawala wa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki Oktoba 14, 1999. Mojawapo ni kupigwa marufuku kwa jumuiya ya EAMWS mwaka 1968. Sizifuti hoja hizo. Lakini dini yetu inatuamuru uadilifu hata kwa tunayehitilafiana naye, na katika suala la silaha za nyuklia mtu huyu ana haki yake.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere, kisha Edinburgh alikohitimu mwaka 1952. Alisomea historia na uchumi. Hakuwa mtaalamu wa mabomu. Wala hakuwa mtu wa kukataa kila vita, kwani mwaka 1979 majeshi yake yalimng'oa Idi Amin Kampala. Lakini mwaka 1984, jumuiya ya wabunge wa nchi mbalimbali ilipowaunganisha viongozi sita kudai majaribio ya nyuklia yakomeshwe, alisimama pamoja na wa India, Sweden, Ugiriki, Mexico na Argentina. Alipong'atuka urais mwaka 1985, aliendelea na kazi hiyo.

Marekani ilidai kwamba majaribio ya chini ya ardhi hayawezi kuhakikiwa vya kutosha. Katika mkutano wa Ixtapa, Mexico, Agosti 1986, wale sita hawakujibu kwa hotuba tupu. Walijitolea kutoa wataalamu wa kupima mitetemo kwenye maeneo yenyewe ya majaribio. Sisi wa hapa Milanzi, jirani na Bonde la Rukwa lililotikiswa na tetemeko kubwa mwaka 1910, tunaelewa haraka: chombo kinachonasa tetemeko la ardhi hunasa pia bomu lililolipuliwa chini yake.

Marekani haikukubali, ikaendelea kulipua hadi mwaka 1992. Hata hivyo, mkataba wa mwaka 1996 wa kukomesha majaribio yote unategemea vipimo hivyo hivyo, ingawa mpaka leo haujaanza kutumika rasmi.

Somo kwetu ni hili. Mbunge anapoletewa mkataba wa silaha auridhie, uwe wa nyuklia au wa bunduki, ni nani aliyemweleza yaliyomo? Qur'ani imetuagiza kuwauliza wenye elimu. Basi tuwasomeshe vijana wetu fizikia na sheria, ili Bunge likitafuta wa kumuuliza, Waislamu nao wawemo.

Wabillahi tawfiq.