Theodore Roosevelt: Bwana Mkubwa Aliyeshukia Kapiti

Najua wapo watakaoguna wakiona ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri umepewa mzungu, tena rais wa Marekani. Vumilia kidogo. Chanzo ni mdahalo wetu wa muhula wa pili. Hoja ilikuwa kwamba nguvu za Marekani zimeiletea dunia amani kuliko vita. Watetezi wa hoja walimtaja Roosevelt. Wapinzani nao, lo! wakamtaja Roosevelt yuyo huyo. Watu wakapigiana kelele, kengele ya chakula ikalia, na tukatoka bila hata mmoja wetu kumjua huyo bwana sawasawa. Ndipo nikaingia maktabani.

Kwanza tuondoe utata. Kulikuwa na marais wawili wa jina hilo. Franklin, yule wa Vita Vikuu vya Pili, alikuwa wa chama cha Democratic. Huyu wetu ni Theodore, binamu yake wa mbali, wa chama cha Republican, ambacho siku hizi ndicho makao ya wahafidhina wa Marekani. Mhafidhina, kwa wale wa kidato cha kwanza, ni mtu anayetaka mambo ya jadi yalindwe: dini, mali ya mtu binafsi, serikali isiyomwingilia raia ovyo, na taifa lenye jeshi la kuogopwa. Kama Roosevelt alikuwa mhafidhina kweli au la, Wamarekani wenyewe hawajakubaliana hadi leo.

Alizaliwa mjini New York tarehe 27 Oktoba 1858 katika familia yenye mali. Lakini mali haikumsaidia kupumua, kwani alikuwa na pumu kali, na usiku alilala akiwa ameegemezwa mito. Babake alimhimiza aujenge mwili wake, naye akaanza kuinua vyuma, kupigana ngumi na kupanda milima. Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza mwaka 1880 na kuoa mwaka huo huo. Muda si muda akawa mbunge wa jimbo la New York.

Kisha likamfika ambalo hata adui humwombei. Tarehe 14 Februari 1884, mamake alifariki kwa homa ya matumbo. Siku iyo hiyo, nyumba iyo hiyo, mkewe naye akafariki, siku mbili tu baada ya kujifungua binti. Kijana wa miaka 25, jeneza mbili! Alimwacha mtoto kwa dada yake akaenda zake magharibi, nchi ya Dakota, kufuga ng'ombe.

Hapa sisi wa Kajiado tunamwelewa vizuri. Alinunua ng'ombe kwa sehemu kubwa ya urithi wake, akalala nje na wachungaji, akajifunza mambo ya malisho. Baadaye ukaja msimu wa baridi wa 1886 na 1887. Kiangazi kilikuwa kimekausha nyasi, mifugo ilikuwa mingi kupita kiasi, halafu theluji ikafunika kilichobaki. Ng'ombe walikufa kwa maelfu katika nchi nzima ile, na Roosevelt akapoteza zaidi ya nusu ya wake. Yeyote aliyeona mizoga kando ya barabara ya Namanga wakati wa ukame wa 2009 hana haja ya kuelezwa. Tofauti ni kwamba Roosevelt alikuwa na mji wa kurudi.

Alirudi, akaoa tena, akaingia siasani kwa nguvu mpya. Alikuwa mkuu wa polisi wa New York, akizunguka usiku kuwafumania askari waliolala kazini. Mwaka 1897 akawa naibu waziri wa jeshi la wanamaji. Mwezi Februari 1898 manowari ya Marekani iitwayo Maine ililipuka bandarini Havana, Cuba, wakati huo koloni la Uhispania. Wakubwa wake walisitasita. Yeye, waziri alipotoka ofisini alasiri moja tu, alituma simu ya maandishi kwa meli zilizokuwa Asia zijiandae kuivamia Manila. Vita vilipoanza aliacha kazi, akaunda kikosi cha wapanda farasi cha wachunga ng'ombe na wanafunzi wa vyuo vikuu. Kichekesho ni kwamba karibu farasi wote waliachwa Florida kwa kukosa nafasi melini, kwa hivyo wapanda farasi wetu wakapigana kwa miguu. Tarehe 1 Julai 1898 walikwea vilima vya San Juan chini ya risasi, ubavuni mwao wakiwa askari weusi wa Marekani. Picha za magazeti zilimtukuza Roosevelt. Wale weusi walisahauliwa upesi.

Sifa hizo zilimpa ugavana wa New York, kisha umakamu wa rais. Mwezi Septemba 1901 Rais McKinley alipigwa risasi, na Roosevelt akaapishwa akiwa na miaka 42. Hakuna kijana kuliko yeye aliyewahi kushika urais huko.

Hapa ndipo penye kiini cha mdahalo wetu. Roosevelt alipenda kutaja methali aliyodai imetoka Afrika Magharibi, ya mtu asemaye kwa upole huku ameshika rungu kubwa. Sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Mzee wa Kimaasai akisimama kusema barazani hushika rungu, na halimfanyi apige kelele. Kwa Roosevelt rungu lilikuwa manowari. Ujerumani na Uingereza zilipoizingira Venezuela kwa meli mwishoni mwa 1902 zikidai madeni, meli za Marekani zilikuwa karibu zikifanya mazoezi, na wadai wakakubali usuluhishi. Miaka miwili baadaye akatangaza kwamba nchi ya Amerika ya Kusini ikishindwa kujiendesha, Marekani ndiyo itakayoingia kuiweka sawa. Jirani zake hawakulipenda neno hilo, na nani angelipenda?

Panama ndiyo ilinikosesha usingizi. Marekani ilitaka kuchimba mfereji wa kuunganisha bahari mbili. Panama ilikuwa mkoa wa Kolombia, na Seneti ya Kolombia ikaukataa mkataba mwezi Agosti 1903. Tarehe 3 Novemba Panama ikajitangazia uhuru. Manowari ya Marekani tayari ilikuwa bandarini, na askari wa Kolombia hawakupata njia ya kwenda kuzima uasi. Siku tatu tu baadaye Marekani ikaitambua nchi mpya. Tarehe 18 Novemba mkataba ukatiwa sahihi mjini Washington. Aliyetia sahihi kwa niaba ya Panama ni Bunau-Varilla, Mfaransa mwenye maslahi yake katika mfereji! Wajumbe wa Panama wenyewe walikuwa safarini, wakafika saa chache baada ya wino kukauka. Nchi yao ilikuwa imekwisha kutoa ukanda wa maili 10 kwa upana, milele. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1914. Mwaka 1921 Marekani iliilipa Kolombia dola milioni 25, na hiyo milele yenyewe ikaisha tarehe 31 Desemba 1999, Panama ilipokabidhiwa mfereji.

Haki itendeke, watetezi nao wana lao. Mwaka 1905 Urusi na Japani zilikuwa zinachinjana, na Roosevelt ndiye aliyewaleta mezani. Amani ilitiwa sahihi Portsmouth, na mwaka 1906 akapewa Tuzo ya Nobel, Mmarekani wa kwanza kuipata. Alifanya hivyo bila kufyatua hata risasi moja. Lakini mwenzangu mmoja wa upande wa upinzani alinionyesha jambo lingine kitabuni: Korea, ambayo ilipiganiwa kama mfupa, haikuitwa mezani. Iliachiwa Japani, na mwaka 1910 ikamezwa kabisa.

Nyumbani pia alikuwa na sura mbili. Mwaka 1901 alimkaribisha Booker T. Washington, msomi mweusi, kwa chakula cha jioni Ikulu, na wazungu wa kusini wakachafukwa. Mwaka 1906 akawafukuza jeshini askari weusi 167 kwa kisa cha risasi mjini Brownsville, Texas, bila kesi. Jeshi lilikiri kosa hilo mwaka 1972, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa.

Alitoka Ikulu Machi 1909, na tarehe 21 Aprili akashuka Mombasa na mwanawe Kermit. Alitumwa na jumba la makumbusho la Smithsonian kukusanya wanyama. Katika gari moshi aliketi kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini, pamoja na kaimu gavana, akitazama nchi ikimjia. Akashukia Kapiti. Ukitoka hapa kwetu Kitengela ukaifuata barabara ya Mombasa, ukishaipita Athi River, nyanda unazoziona ndizo hizo. Hema lake lilipeperusha bendera ya Marekani, na wapagazi kama 200 na askari walikuwa wamejipanga kumpokea. Walimwita Bwana Mkubwa, ingawa kitabuni mwake aliliandika Makuba (mwalimu wetu angempa sufuri ya tahajia). Kermit akaitwa Bwana Maridadi. Kinachonipendeza ni kwamba alibeba maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, ili jasho na damu visiviharibu, akawa anasoma chini ya miti baada ya kuwinda.

Na aliwinda! Yeye na mwanawe waliua wanyama 512, wakiwemo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Mwezi Juni 2012 simba 6 walipouawa kwa mikuki hapa Kitengela baada ya kula mbuzi, magazeti yaliandika kwa majonzi. Siuteteeni mkuki, nasema tu kwamba hao mbuzi walikuwa karo ya mtu.

Kuna jambo ambalo Bwana Mkubwa aliliona bila kuliona. Mwezi Agosti 1904, Lenana na wazee wenzake walikuwa wamewekeana mkataba na serikali ya kikoloni. Wamaasai walitoka Bonde la Ufa wakabakishiwa hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini mwa reli, huku kwetu. Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Roosevelt alipita miaka mitano baadaye, akala na walowezi, akawasifu, akaandika kwamba nyanda hizi za juu zinafaa kuwa nchi ya mzungu. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine na watu wa Laikipia wakahamishwa na ng'ombe wao. Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani mwaka 1913, wakaambiwa kuwa mikataba ile ilikuwa baina ya dola na dola, kwa hivyo mahakama haina la kusema. Basi kumbe Wamaasai walikuwa nchi ya kigeni, kwa siku ile moja ya kesi! Nilipoisoma habari hiyo baada ya ile ya Panama nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Maisha yake yaliyobaki nitayapitia haraka. Aligombana na mrithi wake, Taft, ambaye wahafidhina wa Republican walimkumbatia. Mwaka 1912 Roosevelt akahama chama. Akiwa kampeni mjini Milwaukee alipigwa risasi kifuani, nayo ikapunguzwa kasi na hotuba nene iliyokunjwa mfukoni. Akaisoma hotuba yenyewe hadi mwisho, damu ikimtoka! Lakini kura ziligawanyika, na Wilson wa Democratic akachukua urais. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alimshambulia Wilson kwa kukaa kando. Vita vikaja, wanawe wakaenda, na tarehe 14 Julai 1918 Quentin, kitindamimba wake, akauawa angani Ufaransa akiwa rubani. Wanaomjua husema hakuwa tena yule yule. Alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919, umri miaka 60.

Wahafidhina wa Marekani wamemgombania tangu hapo. Seneta John McCain alimwita shujaa wake kwa ajili ya jeshi imara na moyo wa kishujaa. Wengine hawamtaki kabisa, wakisema ndiye aliyeifundisha serikali kuingilia biashara za watu, kwani alizishtaki kampuni kubwa mahakamani. Na wapo wa mkondo wa Robert Taft, mwana wa yule Taft, aliyeupinga mkataba wa NATO mwaka 1949 akiamini Marekani isijifunge na ugomvi wa mbali. Kwa hiyo, wenzangu wa mdahalo, kila upande ulikuwa na Roosevelt wake.

Mwezi Januari 2022 sanamu yake iliondolewa mbele ya jumba la makumbusho la New York. Ilimwonyesha juu ya farasi, huku Mwafrika na Mwamerika asilia wakitembea kwa miguu, mmoja kila upande. Ngozi na mifupa aliyokusanya bado imehifadhiwa Smithsonian, wakiwemo vifaru weupe wa kaskazini. Dume wa mwisho wa aina hiyo alikufa Ol Pejeta mwaka 2018. Ol Pejeta iko Laikipia.