Padre António de Andrade, aliyeivuka Himalaya

Leo tumfahamu Padre António de Andrade, Mjesuiti wa Ureno aliyezaliwa 1580.

Mwaka 1624 alitoka Agra, India, pamoja na Bruda Manuel Marques, wamevaa kama mahujaji wa Kihindu waendao Badrinath. Kijiji cha mwisho kilikuwa Mana. Bruda akabaki, Padre akatangulia na watu wachache. Jamani, theluji ilifika kiunoni! Kipande cha kidole kilimkatika asisikie kitu, mpaka akaona damu. Mng'ao wa theluji ukamuumiza macho, hata kitabu cha sala kikamshinda kusoma. Ikabidi arudi nyuma.

Wengi wetu tungeishia hapo. Yeye alimngoja Bruda, wakapanda tena, wakavuka zaidi ya mita 5,000, na Agosti wakaingia Tsaparang, Tibet. Mfalme wa Guge aliwapokea vizuri, na Pasaka ya 1626 likawekwa jiwe la msingi la kanisa.

Mwaka 1630 mfalme huyo alipinduliwa na utume ukasambaratika. Padre alikuwa tayari Goa. Huko alikufa kwa sumu tarehe 19 Machi 1634, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu.